Mpagazi Kwenye Mkono wa Mzee Mwinyimadi

Foleni ya eksirei pale hospitali ya Kibaha, siku ya Jumatatu, haikuwa mahali pa kutafutia mchumba. Watu walikuwa wamebanana kwenye mabenchi tangu asubuhi, huyu anakohoa, yule kashika kiuno, watoto wanalia kwa kupokezana, na dawa ya kusafishia sakafu inawasha pua. Lakini mapenzi yana adabu gani? Yenyewe huja yanapotaka. Nami nashukuru yalikuja pale pale, maana yangekwenda kwingine nisingekuwa na la kuwasimulia.

Mwaka wenyewe ulikuwa sabini na tano, watu wa Kisarawe ndiyo kwanza wanazoea nyumba zao mpya za kijijini. Msichana aitwaye Sikudhani binti Mwinyimadi alikuwa amekaa karibu na mlango, kavaa gauni la kijani lenye marinda, kanga mpya begani, nywele kasuka twende kilioni. Kwao ni Kibuta, huko Kisarawe, na alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, msichana mwenye ulimi mwepesi ambaye wanunuzi walikuja dukani kusikiliza maneno yake hata sabuni ikiwa imekwisha. Siku hiyo alimleta baba yake, Mzee Mwinyimadi, aliyeanguka na baiskeli na gunia la korosho akavunjika mkono. Walifikia kwa shangazi yake, Bi Mwanaamina, kule Pangani ya Kibaha, na wakapata nafasi ya mwisho kwenye benchi.

Mlango wa eksirei ukafunguliwa. Akatoka kijana mrefu, mwembamba, suruali ya pekosi inafagia sakafu, kichwani kofia ya kufuma ya rangi ya kahawia, kifuani kakumbatia furushi la picha za eksirei. Hajapiga hatua ya pili furushi likamponyoka. Mbavu, magoti na mafuvu ya watu yakatapakaa chini mbele ya wagonjwa. Bibi mmoja akajivuta nyuma akisoma dua.

"Kaka," Sikudhani akasema, hajainuka hata kidogo, "hawa wote umewaua wewe peke yako, au mlikuwa wengi?"

Benchi zima likacheka, hata waliokuwa wanakohoa. Kijana akainua uso, akamwona aliyesema, na kwa muda akasahau anaokota nini.

"Wako hai, dada," akajibu. "Wanalima. Mimi nimepewa mifupa tu."

Alikuwa anaitwa Mbaraka, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja pale Kibaha. Picha zile zilikuwa mbovu na kuukuu, za kutupwa, na Melkiori, mpiga eksirei, ndiye aliyekuwa anamwekea kila wiki. Mbaraka aliinama kuokota, alipofika miguuni kwa Mzee Mwinyimadi akatoa shikamoo kwa heshima zote. Mzee hakuitika. Alimtazama kwanza juu mpaka chini, kisha akamuuliza kwao wapi.

"Tabora, mzee. Mimi Mnyamwezi."

Basi, mambo yakaharibika hapo hapo. Mzee Mwinyimadi alisahau maumivu, akanyoosha mkono wake mzima, akamvua kijana kofia, akaivaa mwenyewe.

"Shikamoo yako kaa nayo," akasema. "Mimi siitikii shikamoo ya mtumwa wangu. Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani, akala mihogo yetu, akaondoka bila kuaga. Hii kofia ni malipo."

Nani asiyejua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi? Ni wa tangu enzi za misafara. Mtani wako akitaka kitu chako anakichukua, nawe huna ruhusa ya kununa. Anakuja msibani kwako, analala kaburini, anasema hatoki mpaka apewe chake. Anakusema wewe na ukoo wako mbele za watu, unacheka. Na ukikasirika, kosa ni lako: unalipa kuku. Mbaraka alijua yote hayo. Kofia ile alifumiwa na mama yake, lakini alipangusa kichwa, akacheka, akasema mzee aivae taratibu isije ikafumuka kwa uzito wa akili za Kizaramo. Sikudhani naye akachomoa picha moja ya mbavu kutoka kwenye furushi, akajipepea nayo mpaka zamu yao ilipofika.

Mkono wa mzee ulifungwa hogo la kuushikilia mfupa, akaambiwa asiende mbali na hospitali kwa wiki kadhaa. Nashukuru kwa hogo lile pia. Kwa sababu yake Sikudhani alikaa Pangani kwa shangazi, na kutoka Pangani mpaka chuoni kwa Mbaraka ni mwendo wa kuimba nyimbo mbili tatu ukafika.

Alikwenda mara ya kwanza kwa kisingizio cha kurudisha ile picha ya mbavu. Alimkuta Mbaraka kwenye stoo ya chuo, chumba cha mabati nyuma ya karakana, kavua shati, anachemsha maji ya magadi kwenye debe. Akamwonesha. Ukiloweka eksirei kwenye magadi ya moto, ule weusi unalainika, unausugua kwa kitambaa, inabaki karatasi ngumu inayopitisha mwanga kama kioo. Juu yake anachora kwa wino. Kwenye kona palikuwa na kamera ya sinema ya kujazwa kwa ufunguo kama saa, aliyoiacha mwalimu mmoja wa Kizungu aliporudi kwao, pamoja na mkanda mmoja tu ambao haujatumika. Kamera ameifunga kwenye fremu ya mbao, inatazama chini. Anaweka mchoro, anabonyeza mara moja, anauondoa, anaweka mwingine unaofanana na ule ila mguu umesogea kidogo.

"Halafu?" Sikudhani akauliza.

"Halafu mtu anatembea."

"Hatua moja michoro mingapi?"

Alipomwambia, Sikudhani alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia watu wengine wakitaka kuona mtu anatembea huwa wanakaa kibarazani. Lakini aliangalia vidole vya Mbaraka, akaona vilivyoota sugu pale anaposhikia kalamu, na wino ulioingia kwenye kucha usiotoka tena. Siku iliyofuata alirudi, na iliyofuata. Alikuwa anakaa juu ya gunia tupu, anamenya machungwa, anamtania.

Chuo kilikuwa kimemruhusu Mbaraka kwa sharti moja: afanye peke yake na asimsumbue mtu. Hapakuwa na mwalimu wa katuni Kibaha, wala sidhani kama palikuwa na yeyote nchini ambaye angemwelekeza. Alijifunza kwa kukosea. Sinema yenyewe ilikuwa fupi na haina sauti: mpagazi mdogo mwenye mzigo mkubwa anatoka Tabora kwenda pwani, anafika Uzaramoni, mwanamke mwenye mchi anampokonya mzigo, wanafukuzana. Mwisho wake Mbaraka hakumwambia mtu. Ile michoro ya mwisho aliifunga kwenye gazeti, akaiweka juu ya kabati.

Unajua kwa nini? Kwa sababu alikwisha mpenda, akawa hana pa kulisemea neno hilo. Kila alilosema kwa Sikudhani liligeuka utani kabla halijatua. Akimwambia umependeza leo, anajibiwa kwamba Wanyamwezi wakishiba huona vizuri. Akimwambia nakuwaza, anaambiwa akapimwe. Naye alikuwa hivyo hivyo, msimwonee huruma sana. Sikudhani akimwuliza kama amekula, Mbaraka anamjibu kwamba yeye si Mzaramo, halii njaa mchana. Wawili wanapendana, na kati yao umesimama utani mnene wa mababu, hakuna anayeweza kuuzunguka. Mbaraka akaamua kwamba neno lake la kweli atalisema mpagazi. Mtu hawezi kuchora mamia ya picha kwa mzaha, alijiambia, hata Mzaramo atalielewa hilo.

Hogo lilipofunguliwa, Mzee Mwinyimadi na binti yake wakajiandaa kurudi Kibuta. Asubuhi ya kuondoka Sikudhani alipitia stoo akiwa kashika bahasha ya hospitali. Ndani yake kulikuwa na eksirei ya baba yake, ile ya siku ya kwanza.

"Shika," akasema. "Mkono wa mtani wako. Usafishe uuchoree."

"Na mzee je?"

"Ana mwingine."

Akaondoka haraka, na kanga yake ikamezwa na vumbi la njia. Mbaraka aliinua ile picha kwenye mwanga. Ile mifupa miwili ya mkono, mmoja mwembamba na mwingine mnene, ilikwenda sambamba kutoka kiwiko mpaka kiganja, na mahali pamoja ufa mdogo. Hakuichemsha.

Baada ya hapo yakabaki mapenzi ya simu. Kila Jumamosi Sikudhani alikwenda Kisarawe mjini kuchukua bidhaa za duka, na saa nne alikuwa posta anasubiri. Mbaraka naye anapiga kutoka ofisi ya chuo, ile simu ya kukoroga, karani kakaa mbele yake anajifanya anapiga chapa. Kule posta nako foleni nzima imenyamaza inasikiliza. Utaongea nini cha moyoni hapo? Waliongea utani, na waliokuwa foleni walikuwa wanaondoka wamefurahi kuliko waliokwenda sinema.

Jumamosi moja Mbaraka alimwambia kwamba kuchora kumekwisha, imebaki kupiga picha.

"Nikimaliza nakuja Kibuta kukuoa," akasema, akacheka kidogo kujikinga.

"Mahari debe la michembe ya viazi," Sikudhani akamjibu, na foleni ikaangua kicheko. Kisha akageukia ukuta, akaziba simu kwa kanga. "Njoo, Mbaraka. Mimi niko tayari."

Mbaraka alisikia vizuri kabisa. Lakini alisikia pia kicheko cha watu wa posta, na karani mbele yake kaacha kupiga chapa. Naye akacheka, akasema haya mtumwa wangu, pika mihogo mingi. Sikudhani aliweka simu chini polepole. Alilipia, akabeba boksi lake la viberiti, akatembea mpaka Kibuta bila kumtania mtu njiani, jambo ambalo watu walilisema wiki nzima.

Sasa tufike kwenye lile lililotuletea balaa.

Mbaraka alimaliza kupiga picha siku ya Alhamisi. Alitoa mkanda kwenye kamera akiwa ameingiza mikono chini ya blanketi zito, akautia kwenye kopo lake la bati, akalizungushia plasta. Kesho yake gari la chuo lingekwenda Dar, na huko kuna mahali wanaposafisha mikanda. Aliliweka kopo mezani, akakaa, akalitazama kama mtu aliyejifungua. Na hapo Sikudhani akatokea mlangoni. Alikuwa amekuja kumwona shangazi, kavaa gauni lile lile la kijani, mkononi kikapu cha korosho za kukaanga. Alikuwa amekwisha jipanga kwamba leo atasema bila utani, na njiani alirudia maneno yake mpaka akayaweza.

Alipomwona tu, ujasiri ukamkimbia. Akafanya analolijua. Alinyakua kopo mezani, akatoka nalo nje juani, akasema mtani njoo ukomboe mali yako.

"Sikudhani, weka chini."

"Mpaka nijione kwanza. Nasikia mwanamke wa mchi ndiye mimi."

Alidhani picha zimo humo tayari, kama zile za studio unazoweza kuzishika juu ukaona watu. Akabandua plasta. Akafungua. Ndani kulikuwa na mkanda wa kijivu usio na kitu, unang'aa kwenye jua la saa saba.

Mbaraka alilipokonya kopo, akalifunika, akalikumbatia tumboni. Lakini mwanga hauombi ruhusa. Alikaa chini pale pale kwenye mchanga, na kilichomtoka mdomoni hakikuwa utani.

"Toka," akasema. "Nenda kwenu. Kila kitu kwako ni mchezo. Umeniua, Sikudhani, toka mbele ya macho yangu."

Sikudhani alisimama. Hakuna mtani aliyewahi kumkasirikia maishani mwake, wala hakujua hasira hiyo inajibiwaje. Hakujua pia alichoharibu. Alijua tu kwamba aliyempenda amemfukuza, na kwamba neno alilokuja nalo kutoka Kibuta atarudi nalo Kibuta. Aliacha kikapu, akaenda zake.

Shangazi Mwanaamina alimkuta analia, akataka kujua. Alipoelezwa, alikwenda kwa Melkiori, na Melkiori akamfafanulia: mkanda ambao haujasafishwa ukiuonesha jua unaungua, kama tu eksirei. Bi Mwanaamina alirudi kumwambia Sikudhani bila kumpaka mafuta. Kijana alikuwa na mkanda mmoja, na wewe umeuchoma. Sikudhani akaacha kulia. Akasema basi ana haki ya kukasirika, mimi ndiye sina haki ya kurudi. Akapanda gari la kwanza.

Kule Kibuta Mzee Mwinyimadi, kofia ya kahawia kichwani, alisikia habari nusu nusu. Alisema mtani akikasirika analipa kuku, na yule Mnyamwezi kuku wake anamsubiri. Kwa mara ya kwanza binti yake hakucheka.

Na Mbaraka? Siku ya kwanza alikuwa na hasira, ya pili akawa na aibu. Alikula zile korosho moja moja. Aligundua kwamba msichana alitoka Kisarawe mpaka Kibaha, akafika mlangoni kwake, akafukuzwa kwa ajili ya kopo la bati. Michoro yote ilikuwepo stoo, ni mkanda tu uliokosekana. Lakini mtu mwingine wa kumkalia juu ya gunia na kumwuliza hatua moja michoro mingapi, angempata wapi? Akaikumbuka ile simu. Njoo, Mbaraka, mimi niko tayari. Aliyasikia maneno yale upya, safari hii bila kicheko cha foleni, akainama akaficha uso.

Mkanda aliupeleka Dar vivyo hivyo. Aliwaambia wausafishe hata kama ni wa kuzika. Uliporudi, alijifungia stoo na projekta ya chuo, akauwasha. Mpagazi akatokea. Akatembea. Mbaraka alikaa, machozi yanamtiririka, kwa sababu yule mtu aliyemchora kwa mkono wake alikuwa anahema, anapandisha mabega, anafuta jasho. Mkanda ulikuwa umezungushwa na kubana, jua limekula mizunguko ya nje tu, ya ndani imesalimika. Na mizunguko ya nje ndiyo mwisho wa sinema. Mpagazi anashusha mikono, anamgeukia mwanamke, anafungua mdomo, halafu weupe. Weupe mtupu mpaka mkanda unakwisha.

Alirudia mara nyingi. Kisha akazima, akasema alhamdulillahi. Mkanda mzima ungeweza kuungua.

Wakati ule kulikuwa na gari la sinema la wilaya, lililokuwa likizunguka vijijini kuonesha watu namna ya kuchimba choo na kuchemsha maji. Mbaraka alimwomba fundi wake amwekee mkanda mfupi mwishoni, siku watakapofika Kibuta. Fundi alikubali. Ajabu aliiona siku ya safari, kijana alipokuja kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, kichwa wazi, kopo mkono huu na kuku mweupe mkono ule.

Baada ya magharibi uwanja wa shule ya Kibuta ulijaa. Shuka lilifungwa kati ya milingoti miwili ya goli, wanaume wakakaa huku, wanawake kule, wazee mbele kwenye viti. Mzee Mwinyimadi alikuwa katikati ya wazee, na kofia. Sikudhani alikaa nyuma kabisa, kajitanda kanga mpaka usoni. Alikwisha mwona Mbaraka akishuka kwenye gari, na tangu hapo alikuwa hajui kama akae au akimbie. Picha za choo zilipita. Kisha shuka likaingia giza kidogo, na mpagazi akatokea.

Mtu akapiga kelele kwamba huyo Mnyamwezi, tazama mzigo, na uwanja ukalipuka. Mpagazi alitembea akiyumba kwenye njia ya ajabu: njia mbili nyeupe zinazokwenda sambamba, moja nyembamba moja nene, na mahali pamoja ufa. Alipofika kwenye ufa alisimama, akachungulia, akaruka. Mzee Mwinyimadi alisimama wima kutoka kwenye kiti.

"Huo mkono wangu," akasema. "Jamani, huo ni mkono wangu. Hapo ndipo ulipovunjika."

Akaukunja mkono wenyewe, akawaonesha jirani zake, akawagusisha. Kijiji kizima kikamtazama mpagazi wa Tabora akija pwani juu ya mfupa wa Mzaramo. Wanasema mzee hakukaa tena.

Mwanamke mwenye mchi akatokea, kavaa gauni la marinda, na hakuna aliyeuliza ni nani. Wanawake waligeuka kumtafuta Sikudhani. Alimpokonya mpagazi mzigo, akakimbia nao, akajikwaa, akajicheka mwenyewe, akaukalia. Mpagazi akafika anahema. Akashusha mikono. Akamtazama. Akafungua mdomo.

Shuka likawa jeupe.

"Kasema nini?" mtu akauliza. "Fundi, kasema nini?" Uwanja mzima ukaanza kudai, wengine wanapiga makofi, wanasema wamedhulumiwa.

Nyuma kabisa Sikudhani alifunika uso kwa viganja. Yeye peke yake alijua weupe ule ulitoka wapi.

Mbaraka akaingia mbele ya shuka, mwanga unampiga usoni, kuku kwapani. Fundi alitaka kuzima, akamwomba aache. Kelele zikapungua.

"Mwisho umeungua," akasema. "Nitausema mwenyewe. Sikudhani, nilikukasirikia, na mtani hakasiriki. Nisamehe, kuku wangu huyu hapa. Lile alilokuwa anasema mpagazi ni kwamba anataka kukuoa. Ndilo nililoliweka mwisho ili mtu asilicheke."

Wakacheka, jamani. Wangeacha? Mnyamwezi kashika kuku mbele ya shuka anaomba kuoa Uzaramoni. Walicheka wazee, walicheka watoto, mmoja akasema atupiwe mzigo wake aendelee na safari. Mbaraka alisimama pale, kila kitu alichokuwa nacho amekwisha kisema, na kicheko kinamfunika kama siku ile ya simu.

Ndipo Sikudhani akainuka. Alipita katikati ya watu, kanga imemshuka mabegani, mpaka akaingia kwenye mwanga.

"Nyamazeni," akasema, wala hakupaza sauti. "Mimi nimekaa naye kwenye ile stoo. Mguu mmoja ule kuinuka mpaka kushuka, anachora tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Peke yake. Vidole vimeota sugu. Nani kati yenu amewahi kufanyiwa utani wa namna hiyo?"

Akamgeukia Mbaraka.

"Mwisho niliuchoma mimi. Naomba unisamehe wewe. Na kwenye simu nilikwambia ndiyo, ukacheka."

"Nilisikia," Mbaraka akasema. "Nikaogopa kuamini."

"Basi nasema tena. Hapa hakuna foleni ya posta, kuna baba yangu. Ndiyo."

Macho yote yakaenda kwa Mzee Mwinyimadi. Mzee alikuwa bado amesimama, mkono wake umekunjwa kifuani kama vile hogo halijatoka. Alitembea polepole mpaka kwa kijana. Mbaraka akamnyooshea kuku kwa mikono miwili. Mzee hakumpokea.

"Huyu ni wa faini," akasema, "na faini ni ya watani. Mrudishe."

Kisha akainua mkono, ule uliovunjika, akaivua ile kofia ya kahawia. Aliikung'uta vumbi, akaitazama ndani, akamvalisha Mbaraka kichwani, akaiweka sawa. Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Mtani unamvua kofia. Mkwe humgusi, mkwe mnaheshimiana mpaka mnazikana.

Mbaraka alipiga goti pale kwenye mwanga.

"Shikamoo, baba."

Mzee Mwinyimadi alikohoa, akageuka pembeni kidogo kwa sababu ya macho yake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu."

Mkanda ule upo mpaka leo, na mwisho wake haujapigwa picha upya. Sikudhani ndiye aliyekataa. Kila wanapouonesha nyumbani kwao huko Kibaha, ukifika kwenye weupe yeye husimama mbele ya ukuta, anamnyooshea kidole mumewe, anasema haya Mnyamwezi, sema. Naye husema.